Sisimizi kwenye Bango la Chumbani

Wale mlionisoma wiki iliyopita mnajua nilipokomea: nimesimama juu ya kitanda changu mwenyewe, viatu miguuni, nikitazamana uso kwa uso na mwanamume wa karatasi.

Kwa aliyechelewa, nitasema kwa kifupi. Mimi ni mchapaji, mwaka wa ishirini na mbili huu niko kwenye mashine. Mke wangu anauza katika duka la dawa, na tangu mwaka juzi amepatwa na ugonjwa ambao dawa yake haiuzwi dukani kwao: anakusanya mabango ya zamani. Matangazo ya sinema, ya sabuni, ya baiskeli, ya meli, mradi bango liwe limezaliwa kabla yake. Sebule imejaa, korido imejaa, mpaka chooni kuna mama mmoja anatabasamu na kopo la sabuni ya unga, huwezi hata kukaa kwa amani.

Hayo yote niliyavumilia. Nilichoshindwa kuvumilia ni Fundi Fremu.

Huyu ndiye anayemtafutia mabango, anayeyawekea fremu na kioo, kisha anakuja kuyatundika. Ni mrefu, mikono safi kuliko ya fundi yeyote ninayemjua, na humwita mke wangu "bosi wangu" kwa sauti ya chini chini. Ukuta wa chumba changu cha kulala ameupima mara nne. Ukuta ni ule ule, jamani! Unakua?

Mwezi uliopita akaleta tangazo la mafuta ya nywele. Jibaba la masharubu, nywele zinang'aa, meno yote nje. Likatundikwa juu ya kitanda, mahali pa picha yetu ya harusi. Picha ya harusi ikahamishiwa koridoni. Sasa mimi na suti yangu tunatazamana na mita ya umeme, na Bwana Mafuta ndiye anayetuangalia tukilala.

Roho iliniuma. Cheka ukitaka, lakini iliniuma.

Ndipo nikawaona sisimizi.

Walikuwa wanapanda kwa mstari, kutoka mguu wa kitanda, ukutani, moja kwa moja hadi ndani ya fremu. Mtu mwingine angechukua kitambaa akawafuta. Mimi mwenye wivu nilijiuliza: hawa wanafuata nini kwa huyu bwana? Nikapanda kitandani, nikamshusha, nikamtoa kwenye fremu, nikalamba pembe ya karatasi.

Tamu. Sukari kabisa!

"Eh!" Mke wangu alikuwa mlangoni na kikapu cha nguo. "Umefikia hatua ya kumlamba?"

Nilitoa mfukoni kioo changu cha kazini, kile kidogo cha kukuzia tunachokagulia wino, nikaliinamia bango. Mabango ya zamani yalichapwa kwa rangi nzima nzima, wino umelala kama rangi ya ukutani. Ya siku hizi ni nukta tupu, buluu, nyekundu, njano na nyeusi, zimejipanga mpaka jicho linadanganyika. Shavu lote la Bwana Mafuta lilikuwa nukta.

Bandia! Lilichapwa juzi juzi tu, kisha likazeeshwa kwa kuchovywa kwenye chai. Na mjinga aliyelichovya alitumia chai iliyokwisha kutiwa sukari.

Haki ya Mungu, sijawahi kufurahia hasara kama siku ile. Fundi Fremu anamuuzia mke wangu takataka!

"Lirudishe ukutani," mke wangu alisema. Hakuuliza kitu. Uso ulikuwa umembadilika kidogo, nikadhani ni aibu ya kutapeliwa.

Ningeweza kumwambia pale pale, yakaisha. Lakini wivu hauridhiki na kushinda chumbani, unataka watazamaji. Kwa miezi mke wangu alikuwa ananisemesha kama mteja wa dukani: kula, oga, dawa mara mbili kwa siku. Nilitaka amwone yule fundi akiumbuka mbele ya watu, halafu anirudie mimi. Hilo tu. Nikaitisha kikao.

Jumamosi saa nne asubuhi sebule ilikuwa imejaa. Mama mkwe kwenye kiti kikubwa. Kaka yangu mkubwa pembeni yake, yeye aliyenisomesha baba alipotutoka, aliyeniingiza kwenye kazi ya uchapaji, ambaye mpaka leo tuko naye mashine moja. Mke wangu karibu na dirisha. Na Fundi Fremu, niliyemdanganya kwamba kuna fremu imelegea, amesimama katikati na futi yake ya kupimia mkononi.

"Mwanangu, nimeacha nguo kwenye maji," alisema mama mkwe. "Kuna mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa, mama. Kuna mwizi."

"Yuko wapi?"

"Ameshika futi."

Fundi Fremu akaicheki futi yake, kisha akaniangalia. "Mimi?"

"Nani mwingine ana futi humu?"

Nikamweka Bwana Mafuta mezani, kifudifudi kwanza ili waone madoa ya chai, kisha nikamgeuza. Nikaeleza. Nilieleza vizuri, maana maneno nilikuwa nimeyafanyia mazoezi bafuni. Rangi nzima na nukta. Karatasi ya zamani na ya sasa. Chai. Sukari. Sisimizi. Kila nilipotaja jambo, jasho lilizidi kumtoka fundi, na kila jasho lilipomtoka mimi nilizidi kunenepa.

Kaka akaanza kukohoa.

"Naomba maji," akasema.

"Subiri Kaka, nafika penye utamu."

"Yaache haya mambo, mdogo wangu. Ni karatasi tu."

"Karatasi iliyo juu ya kitanda changu!" Nikamgeukia mama mkwe, nikampa kioo. "Mama, wewe ni mtu mzima, huna upande. Angalia mwenyewe shavuni."

Mama mkwe akavua miwani, akavaa, akavua tena, akainama. "Naona vitone."

"Mmesikia? Vitone!"

"Rangi rangi."

"Rangi rangi, mama, sema tena!"

Nilimkata jicho fundi. Nilimtazama mke wangu nione kama ameanza kumchukia. Alikuwa anatazama nje. Mama mkwe, ambaye sasa kioo kilikuwa kimemnogea, akaendelea kukitembeza juu ya bango, kutoka shavuni hadi kwenye tai, kutoka kwenye tai hadi chini pembeni kulia.

"Na hiki kiduara cheupe ni cha nini?"

"Kiduara gani?"

"Hiki hapa, kama punje ya dengu."

Niliinama. Nikaangalia. Nikafumba jicho, nikaangalia tena.

Niwaambie kitu cha kazini kwetu. Mashine yetu, tunaiita Namba Mbili, ina mpira mpana unaobeba wino na kuukandamiza kwenye karatasi. Mwaka jana nati ilichomoka ikaangukia humo, mpira ukabonyea. Tangu siku hiyo kila karatasi inayopita Namba Mbili inatoka na kiduara cheupe chini pembeni kulia. Nimemlilia meneja anunue mpira mwingine mpaka sauti imekauka. Kiduara kile nakifahamu kuliko kovu la goti langu.

"Ni alama ya nini, bwana?" Fundi Fremu aliuliza. Jasho lilikuwa limekata ghafla.

"Ya mashine."

"Mashine ya nani?"

"Yangu."

Mama mkwe akakiweka kioo chini. "Kwa hiyo mwizi ni wewe?"

Nilinyanyuka, nikashusha bango la baiskeli lililo juu ya televisheni. Nukta. Kiduara. La meli. Nukta, kiduara. La sinema ya mwanamke mwenye kofia. Nukta, kiduara. Nilikwenda koridoni, nikarudi. Nilikwenda chooni. Hata yule mama wa sabuni! Nyumba nzima, mabango kumi na saba, hakuna hata moja la zamani. Mimi ninayejigamba kwamba wino naujua kwa harufu, nimekula na kulala katikati ya kazi ya mashine yangu mwenyewe nisijue.

Na Namba Mbili inaendeshwa na watu wawili tu duniani. Mmoja ni mimi.

"Kaka?"

Kaka alikuwa anatazama vidole vyake.

"Kaka, nakuuliza."

"Kaa chini, mdogo wangu."

"Sikai!"

"Basi simama. Nilizichapa mimi, siku za Jumapili, kwa karatasi za mabaki. Shemeji aliniomba."

Kikulacho ki nguoni mwako! Miezi yote hiyo namchunga Fundi Fremu, kumbe chui yuko mezani kwangu anamega mkate.

"Alikuomba! Na wewe ukampa! Siku za Jumapili! Kuna nini kati yako na mke wangu?"

"Haa!" mama mkwe akashika kichwa.

Kaka alisimama. Mimi ni baba mzima wa miaka arobaini na tano lakini nilirudi nyuma hatua mbili.

"Bahati yako mkweo yupo hapa, ningekuzaba kofi. Mimi nilikuposea huyu binti kwa mdomo wangu, nikakuombea kwa huyu mama huyu. Unathubutu?" Akanyoosha kidole kwenye kuta tupu. "Akili zako zote zimekwenda kwa nani yuko na nani. Uliza la maana. Uliza mabango ya asili yako wapi."

Nikageuka. Mke wangu alikuwa ameshavaa viatu.

"Yako kwangu," alisema.

"Kwako si hapa?"

"Hapa ni kwako. Kwangu ni chumba kimoja, nyuma ya ofisi ya posta, ghorofa ya kwanza, mlango wa kijani. Huu mwezi wa saba."

Hakupaza sauti. Angepaza ningejua pa kushika.

Akaeleza wote wakisikia. Kila Fundi Fremu alipokuja kupima ukuta, alitoa bango la kweli kwenye fremu, akaacha nakala ya Kaka. Moja moja, ndiyo maana alipima mara nyingi. "Ukuta ungebaki mtupu, ungeniuliza. Nilijua ukiwa umejaa hutauliza kitu."

"Mwanangu, una nyumba mbili?" mama mkwe aliuliza.

"Nina chumba, mama."

"Na hii sukari?" niliuliza. Hata sijui kwa nini niliuliza. Mtu akipigwa na butwaa hushika lililo karibu.

"Chai niliipika mimi. Nilikuwa nimeshatia sukari nikaona uvivu kupika nyingine. Iliyobaki uliinywa wewe, ukasema leo umepatia."

Fundi Fremu akajisahau akacheka. Nilimrukia. Kaka alinidaka kwenye ukosi wa shati, na mpaka tunaachiana fundi alikuwa ameshafika barabarani na futi yake, na mke wangu naye alikuwa ameondoka.

"Usimfuate na hasira," Kaka aliniambia.

Mama mkwe aliyatazama mabango yaliyolala sakafuni. "Mimi nilidhani anaumwa. Kila nikimpigia simu jioni anasema yuko njiani." Akachukua mkoba wake akaenda zake kwenye nguo zake.

Nilimfuata na hasira.

Njiani nilikuwa nimeshaona kila kitu. Niliona ndala za kiume chini ya kitanda. Niliona wembe kwenye sinki, vikombe viwili, shati limetundikwa nyuma ya mlango. Nilichagua hata kikombe nitakachovunja kwanza. Mtu mmoja aliniamkia nisiitike, na ni mtu ninayemheshimu.

Nyuma ya posta, ghorofa ya kwanza, mlango wa kijani. Niligonga kama askari.

Alifungua mwenyewe. "Vua viatu, nimepiga deki."

Nikavua. Ndiyo, nilivua.

Na pale, ndugu zangu, mabango yalikuwepo. Yenyewe! Bila nukta. Buluu ya ile meli ilikuwa buluu ambayo sijawahi kuichapa maishani mwangu. Mwanamke wa kofia alikuwa na midomo ya wino mzito mpaka unatamani kuugusa uone kama umekauka. Kumi na saba, yamepangwa vizuri, makubwa nyuma ya kitanda, madogo dirishani pasipofika jua. Mtu aliyeyapanga hivyo hakuwa na haraka.

Nilitazama chini ya kitanda. Ndala jozi moja, za kike. Kikombe kimoja. Mswaki mmoja. Kitanda chenyewe cha mtu mmoja, hata ukilala naye kwa mabavu mmoja ataanguka.

Ningekuta mwanamume ningejua la kufanya. Ningepiga kelele, ningevunja kile kikombe, majirani wangetuamua, tungerudi nyumbani. Sikukuta mtu. Kulikuwa na kiti kimoja cha mbao kinachotazama ukutani, kimewekewa mto mdogo, na nikakionea wivu kile kiti.

"Unafanya nini humu?"

"Nakaa."

"Na nani?"

"Nimesema nakaa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungekuja kupima umbali kutoka duka la dawa." Alikaa kitandani. "Nikichelewa dakika kumi, unanusa mkono wa gauni langu. Unadhani sioni? Nikicheka kwenye simu, unazima televisheni usikie. Mteja akinisalimia barabarani, nakosa usingizi mimi, siyo yeye. Nikitoka kazini napita humu saa moja. Hakuna anayeninusa. Naangalia mabango yangu, halafu nakuja nyumbani tunakula."

"Saa moja kila siku?"

"Unaona? Umeshaanza kuhesabu."

Jambo lenyewe ni kwamba nilikuwa kweli nimeanza kuhesabu.

"Nimechoka kuficha," alisema. "Hata kabla ya kikao chako nilikuwa nimechoka. Leo tumalize. Ama nabeba vitu vyangu tunarudi wote, ama nalala humu kuanzia leo na sitarudi. Sikufukuzi wala sikuchukii. Niulize kitu kimoja, kimoja tu, kile unachotaka kukijua kuliko vyote. Nitakujibu kweli. Halafu nitajua la kufanya."

Mikono yake ilikuwa magotini, mmoja umefumbwa. Alinitazama kama siku ile Kaka alipomuuliza mbele ya wazee kama ananitaka.

Maswali nilikuwa nayo, msidhani sikuwa nayo. Bado unanipenda? Nimekuchosha lini? Nifanye nini? Yote yalikuwa yamejipanga kooni, na lolote kati ya hayo lingetosha. Nililiona hilo usoni mwake, alikuwa ananiombea nilipate moja.

Nikafungua mdomo.

"Fundi Fremu ana ufunguo wa hapa?"

Nilijua nimeharibu kabla sijafika kwenye neno la mwisho. Ningeweza kuling'ata lirudi ndani.

"Anao," alisema. "Ndiye aliyeyatundika haya. Na kaka yako anao. Na huu ulikuwa wako."

Akafumbua mkono. Ulikuwemo ufunguo mpya, bado una vumbi la chuma la kuchongwa. Akauangalia kidogo, akaufumba tena.

"Mke wangu, ngoja. Niulize upya. Nipe lingine, hilo halikuwa..."

Hakunisikia, au hakutaka kunisikia. Alikuwa anatazama mlangoni, nyuma yangu, na uso wake ulibadilika vile vile ulivyobadilika siku ya sisimizi.

Ufunguo ulikuwa unazunguka kwenye kitasa, kutoka nje.